Hisani Ianzie Dirishani

*Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Gisenyi, wilaya ya Rubavu, alasiri ya Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za jamii. Waliohudhuria ni viongozi wa vyama vya ushirika, watumishi wa benki na SACCO, walimu, wanafunzi na wachuuzi wa mpakani. Unachapishwa karibu kama ulivyosemwa.*

Naona viatu vingi bado vina udongo wa umuganda. Msione haya. Vyangu pia ni hivyo hivyo, ila mimi nimepata bahati ya kusimama nyuma ya meza.

Nimeombwa niseme Kiswahili, nami nimefurahi. Rwanda iliipa lugha hii hadhi rasmi mwaka 2017, lakini pale mpakani ilikuwa rasmi zamani sana. Bei ya nyanya haijawahi kungoja Bunge.

Lengo langu leo ni dogo. Kila mwaka tunasikia kwamba benki fulani, kampuni fulani ya bima au ya pesa za simu, imetoa msaada kwa jamii: madawati, ng'ombe, kadi za mutuelle, bima ya afya ya jamii, kwa wasiojiweza, miche ya miti. Tunapiga makofi, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani. Nataka tutafute kipimo. Tukiambiwa kampuni ya fedha imeisaidia jamii, tuangalie nini ili tujue kama ni kweli? Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu, mtanisamehe. Ya tatu ndiyo iliyonileta.

Kwanza nikumbushe tuko wapi. Mji huu ndio ulioshuhudia kuzaliwa kwa CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, mwezi Septemba 1976, kati ya Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule. Makao yake yakawekwa hapa Gisenyi. Mwaka uliofuata ikaundwa benki ya maendeleo ya nchi hizo tatu, na makao yake yakawekwa Goma, ng'ambo ya mpaka. Tazameni hesabu ya waasisi wale: jumuiya upande huu, benki upande ule, na katikati njia ambayo mtu mzima huitembea kwa dakika chache. Vita vya miaka ya 1990 vikaja, na benki ile ikalala. Biashara haikulala. Ilihamia kichwani na mgongoni. Kabla ya mwaka 2020 watu waliovuka Petite Barrière, kivuko cha watembea kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, kwa siku walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao wanawake, na mizigo yao mnaijua kuliko mimi: kabichi, nyanya, vitunguu, karoti, maziwa, nyama. Ndugu zetu wenye ulemavu walipitisha magunia juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, wakisukumwa na vijana. Benki ya mataifa matatu iliposinzia, hawa ndio waliobaki wakiunganisha mataifa. Mradi mmoja wa wachuuzi wa mpakani ulipewa jina la Kiswahili cha huku kwetu, *Mupaka Shamba Letu*. Aliyelichagua jina hilo alielewa: shamba mtu halifungi, na mwenye shamba haombi sadaka akiwa na jembe.

Sasa hoja zenyewe.

1. Pesa inayotolewa ni ya nani?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu. Kampuni haina moyo, ina bodi. Na pesa iliyo mikononi mwa bodi ina wenyewe: wanahisa, wenye akiba, wakopaji wanaolipa riba, na kila anayekatwa ada. Hapa kwetu mfuko wa hifadhi ya jamii, RSSB, ni miongoni mwa wanahisa wakubwa wa Bank of Kigali. Maana yake mwalimu wa Nyundo, hapa wilayani, anayekatwa mchango wa pensheni kila mwezi ana uzi wake mwembamba katika kila zawadi inayotolewa na benki hiyo. Silaumu. Nasema tu kwamba anayestahili kushukuriwa ni wengi kuliko wale wanaoshika hundi ya kadibodi.

Niwape kisa changu. Nilikaa dirishani miaka tisa, katika benki ambayo sitaitaja, katika mji ambao sitautaja. Mwaka mmoja makao makuu yalituletea miavuli mikubwa yenye rangi na nembo ya benki, tuwagawie wanawake wa soko. Ilikuwa sherehe kweli: turubai, muziki, fulana, waandishi wa habari na chakula chao. Wanawake walifurahi, maana jua lilikuwa kali na mvua ilikuwa njiani. Miezi michache baadaye akaja dirishani mama mmoja ambaye nilimpa mwavuli kwa mkono wangu. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, sasa amepona, anataka kutoa akiba yake aanze tena. Nilipofungua akaunti niliona ada ya kila mwezi imekuwa ikikatwa kimya kimya muda wote ule alipokuwa kitandani. Zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alisimama, akatazama nje kupitia mlango, ambako mvua ilikuwa inanyesha na mwavuli wetu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Sijui aliwaza nini. Mimi niliwaza kwamba mwavuli ule alikuwa ameununua mwenyewe, na hatukumpa risiti.

Kipimo changu cha kwanza, basi, ni hiki: ukionyeshwa zawadi ya benki, omba pia karatasi ya ada na riba zake. Zisome pamoja, kama unavyosoma kurasa mbili za daftari moja. Mhasibu yeyote atakwambia huwezi kutazama upande mmoja ukasema umefunga hesabu.

2. Wakfu si idara ya matangazo

Katika Kiswahili cha leo shirika la hisani la kampuni tunaliita wakfu. Neno hilo tumelipokea kutoka pwani, na pwani walilipokea kutoka katika sheria ya Kiislamu. Mtu wa Lamu au Unguja aliyeweka nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu alikuwa ameifunga mali hiyo. Haiuzwi, hairithiwi, na mazao yake yanakwenda pale alipoelekeza: msikiti, madrasa, kisima, maskini. Akifilisika kesho, wakfu hauguswi. Akigombana na imamu, wakfu hauguswi. Huo ndio uzito wa neno.

Sasa mengi tunayoyaita wakfu ni ofisi moja ndani ya kampuni, yenye bajeti inayoombwa upya kila mwaka, karibu na mlango wa watu wa masoko. Mwaka ukiwa mbaya, bajeti inapotea. Meneja akibadilika, shule iliyoahidiwa paa inabadilika kuwa mbio za marathoni.

Mfano unaokaribia maana ya asili upo, na mkono wake unafika Kigali. Mwaka 2006 kampuni ya kadi za malipo ya Mastercard ilipouza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, ilitenga sehemu ya hisa na kuziweka katika shirika jipya, Mastercard Foundation, lenye makao Toronto na bodi yake yenyewe. Hisa zilipopanda thamani, wakfu ulipanda nazo. Mwaka 2018 shirika hilo lilizindua hapo Kigali mpango wake wa ajira kwa vijana wa Afrika. Halikuhitaji kwenda kuomba ruhusa kwa anayeuza kadi. Kabla ya hapo, mwaka 2010, lilishirikiana na wakfu wa benki ya Equity ya Kenya kuanzisha *Wings to Fly*, mpango wa kuwalipia masomo ya sekondari watoto wenye akili kutoka nyumba zisizo na kitu. Maelfu wamesoma kwa njia hiyo.

Na tukitaka mfano wa karibu zaidi, tutembee hadi ziwani. Kituo cha pamoja cha mpaka pale La Corniche, tunapopaita Grande Barrière, kilijengwa kwa fedha za wakfu wa Howard G. Buffett, ambao utajiri wake unatokana na hisa za Berkshire Hathaway, kampuni ya bima na uwekezaji ya baba yake. Fikirini hilo: faida ya bima na hisa za Marekani imegeuka kuwa lango la Ziwa Kivu. Kituo ni kizuri. Nauliza tu, bila ubaya, kwa nini lango la magari na watalii lilimpata tajiri wa hisani, na Petite Barrière, lango la miguu, likasubiri miradi ya serikali na Benki ya Dunia. Nadhani jibu ni jepesi. Mtu mkubwa anayekuja kutazama mpaka hupita kwa gari. Anaona alipopita.

(Mama wa mstari wa tatu, nimeuona mkono. Nivumilie kidogo.)

Kuhusu asilimia ambazo kampuni hutenga kwa ajili ya jamii, nitapita haraka. Benki ya NMB ya Tanzania hutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwa madawati, mabati, vitanda vya hospitali na mengineyo. India iliweka jambo hilo katika sheria ya kampuni ya mwaka 2013: kampuni kubwa zitenge asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Jirani zetu wa Kongo, katika marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2018, walikwenda kwa njia nyingine. Kampuni ya madini inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Wanafunzi wa uhasibu wameshaelewa kwa nini nimetaja mauzo kwa sauti kubwa. Faida inaweza kufichwa na kalamu hodari. Mauzo ni magumu kuficha.

3. Hisani kubwa ya benki ni benki yenyewe

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mwaka 1975, katika kijiji cha Nkamba mashariki mwa nchi hii, wakulima waliweka akiba zao pamoja, na hapo ikaanza Banque Populaire du Rwanda (BPR). Ilienea vilimani ikiwa ushirika wa wenye akiba. Wazee waliopo hapa wanakumbuka vitabu vyake vidogo. Katika chombo cha namna ile, ukisema "benki ishirikiane na jamii" watu wangekutazama usoni, maana jamii ndiyo iliyokuwa imekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Mwaka 2008 Banque Populaire ikageuzwa kuwa benki ya biashara yenye wanahisa, na baadaye ikapita katika mikono kadhaa hadi KCB ya Kenya ilipoinunua mwaka 2021. Ilipata mtaji, ilipata mitambo, ilipata idara. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2008, katika mkutano wa kitaifa wa Umushyikirano, nchi ikaamua kila umurenge, yaani kata, uwe na SACCO yake. Imirenge 416, SACCO 416. Hapa Rubavu 12. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu: kwa nini mwaka ule? Wengi hujibu kwa kutaja sera. Mimi naona kitu cha kawaida kabisa. Jamii ilipohama kutoka kiti cha mwenyekiti kwenda kiti cha mgeni anayepokea zawadi, ilibidi kitengenezwe kiti kingine.

Sasa twende mpakani na kalamu. Tuseme mama ana mtaji wa franki 30,000. Alfajiri ananunua nyanya katika soko la Mbugangari, anavuka, anauza Birere kule Goma, anabadilisha pesa kwa kambiste, na jioni anarudi na mtaji wake pamoja na franki 3,000. Hizo 3,000 ndizo chakula, kodi ya nyumba, daftari la mtoto. Siku moja mtoto anaugua, na mtaji unaliwa hospitalini. Kesho yake hana kitu. Atakwenda wapi?

Mnajua atakwenda wapi. Atakwenda kwa yule ambaye mitaa yetu, kwa kejeli, imempa jina la benki ya zamani ya Ubelgiji: Bank Lambert. Hana jengo wala karani, lakini anafungua alfajiri na haulizi hati ya kiwanja. Tuseme anampa 30,000 asubuhi na kudai 31,500 jioni. Nusu ya faida imeondoka kabla sufuria halijakaa jikoni. Mama anaona ni afadhali kuliko kulala njaa, na kwa siku moja hajakosea. Afanye hivyo siku 25 za mwezi: amelipa franki 37,500, zaidi ya mtaji wenyewe, na kesho asubuhi bado hana mtaji.

Fedha hiyo hiyo ikikopwa mahali panapotoza asilimia 2 kwa mwezi, riba ni franki 600. Tofauti ni franki 36,900. Kwa mwezi mmoja. Kwa mama mmoja. Nimetafuta sana, sijaona mwavuli wa bei hiyo.

Wakubwa wa benki hapa mbele wanatikisa vichwa, na wana haki. Watasema: mwalimu, mkopo wa 30,000 unatugharimu sawa na mkopo wa milioni. Faili ni lile lile, afisa ni yule yule, mafuta ya pikipiki ni yale yale. Riba ya franki 600 hailipi hata karatasi. Ni kweli kabisa. Nilikuwa karani, nimelijaza faili hilo. Lakini hapo hapo ndipo ninapowaomba mfungue bajeti ya hisani. Kama tatizo ni gharama ya kumfikia, basi fungu la kusaidia jamii lilipe gharama hiyo: afisa anayekaa mpakani saa kumi na moja alfajiri, udhamini wa ikimina, kikundi cha kuwekeana akiba, badala ya hati ya kiwanja, na ada kusimama akaunti inapokuwa kimya kwa sababu ya ugonjwa. Pesa za turubai na muziki zinatosha kuanzia.

Wala sisemi jambo geni. Mwaka 2017 Bank of Kigali ilianzisha mpango wa Urumuri pamoja na kampuni ya Inkomoko: wafanyabiashara wadogo wanafundishwa kwa miezi kadhaa, na waliofuzu wanapata mkopo usio na riba. Hapo hisani imeingia ndani ya bidhaa ya benki yenyewe, mahali ambapo benki ina ujuzi. Mtu wa benki akipanda miti anapanda kama sisi sote, pengine vibaya kuliko sisi. Akikopesha vizuri, hakuna wa kumshinda. Ila Urumuri inamfaa mwenye biashara yenye jina na mpango ulioandikwa. Mwenye beseni bado yuko nje ya mlango.

Na mwenye beseni hajakaa mikono mitupu, jambo ambalo wafadhili husahau. Rwanda tuna ibimina. Ukivuka tu, kitu hicho hicho kinaitwa likelemba. Ukifika Tanzania ni upatu na VICOBA. Kenya ni chama. Wanawake wa pande mbili za mpaka wamekuwa wakikusanyiana fedha kwa miaka, wengine katika kundi moja lenye Wanyarwanda na Wakongo, bila mkataba zaidi ya kujuana sura. Ikimina hiki kina takwimu ambazo benki ingelipa pesa nyingi kuzipata: nani hulipa kwa wakati, nani alilipa hata siku aliyofiwa. Kampuni inayotaka kuisaidia jamii ya mpakani ianze kwa kuketi katika kikao hicho, kimya, ione daftari.

Niongeze neno kuhusu saa. Mwezi Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi hapo hapo Petite Barrière, Kongo iliamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Sizungumzii siasa yake. Nazungumzia mama ambaye siku yake ya kazi ilikatwa mkia. Alivuka alfajiri, akarudi mbio kabla ya saa tisa, na benki ilifungua saa mbili asubuhi wakati yeye yuko Birere. Angeweka akiba lini? Msaada ambao ungemfaa mwaka ule ulikuwa dirisha moja kufunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, umbali wa kutupa jiwe kutoka lango. Haupigwi picha vizuri, kwa kuwa bado giza.

Tena kuna hili: KCB, kupitia BPR, iko hapa, na Equity iko Rwanda tangu 2011 na iko Kongo, ambako ilinunua benki ya ProCredit mwaka 2015 na ile ya BCDC mwaka 2020. Kampuni zimevuka mpaka. Mama anavuka mpaka. Akaunti yake je? Kwa nini bado analazimika kubeba noti kifuani na kupoteza kidogo kwa kambiste anapokwenda na kidogo anaporudi? Kampuni itakayojibu swali hilo kwa bei ya haki haitahitaji ripoti ya mwaka yenye karatasi ya kung'aa.

4. Siku ya maafa, dirisha peke yake halitoshi

Nimesema sana kuhusu bidhaa, msije mkadhani nadharau sadaka. Kuna siku ambapo kumpa mtu mkopo ni kumtukana.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walimiminika hapa usiku na magodoro yao. Matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba zetu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ikaua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi. Mto Sebeya ukatoka katika njia yake na kuingia majumbani. Aliyepoteza nyumba Nyundo hakuhitaji kuelezwa masharti ya riba. Alihitaji unga, blanketi na mabati, na kampuni zilizotoa, za fedha na zisizo za fedha, zilifanya lililopaswa kufanywa. Nawashukuru bila ya kuweka lakini.

Lakini maafa yana wiki ya pili, na mwezi wa sita. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa watembea kwa miguu, wachuuzi walikula mitaji yao polepole, kama mtu anayekata mbao za nyumba yake kuwashia moto. Baadaye bidhaa zikaruhusiwa kuvuka kwa mizigo ya pamoja, na waliokuwa na ushirika wakapona kiasi. Waliokuwa peke yao walisahauliwa. Ibimina vingi vilivunjika. Wakati ule kuahirisha marejesho kulikuwa na thamani kubwa kuliko barakoa zenye nembo.

Na tangu mwishoni mwa Januari 2025 tumejifunza somo jingine. Vita vilipofika Goma, benki za mji ule zilifunga milango. Mishahara ikabaki ndani ya mashine. Tuliona watu wakivuka kuja huku kutafuta noti: walimu, wauguzi, wafanyabiashara, wamepanga foleni katika nchi isiyo yao ili wapate pesa iliyo yao. Tena nasema siasa siigusi. Nauliza swali la kazi yetu: kampuni ya fedha ikilazimika kuondoka, inawaachia nini watu walioiamini? Je, kuna mpango ulioandikwa kabla, wa namna mwenye akiba atakavyofikiwa siku hiyo? Kitengo cha kusaidia jamii kingekuwa na kazi ya maana sana hapo, kazi ya kufanywa wakati wa amani, isiyo na sherehe.

Ndugu zangu, nafika mwisho.

Bajeti za mwaka ujao zitaanza kuandikwa karibuni. Najua jinsi zinavyoandikwa: Kigali, katika chumba chenye baridi, na mstari wa "jamii" hujazwa mwishoni, watu wakiwa na njaa. Ombi langu kwa wakubwa mliofika ni kwamba kabla ya mstari huo kujazwa, kila kampuni imtume mtu mmoja mpakani kwa siku tatu. Asivae fulana ya kampuni. Anunue nyanya, avuke nazo, auze, abadilishe pesa, arudi, kisha aandike kila franki ilipokwenda. Karatasi hiyo ndiyo iwekwe mezani bodi inapokutana. SACCO zetu zina nafasi ya kufanya hivyo kabla ya wengine, maana wachuuzi wa mpakani ni wanachama wao. Wanafunzi wa uhasibu, nyinyi ninawapa zoezi la muhula: linganisheni ada za benki zote zilizo Gisenyi kwa akaunti yenye franki 30,000 isiyoguswa mwaka mzima, na mbandike matokeo ukutani Mbugangari, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, herufi kubwa. Yawe huko kabla ya mvua za Machi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na maneno mengine, lakini mama wa mstari wa tatu amenyoosha mkono tangu hoja ya pili, na nimekuwa nikisema kwa niaba yake kwa saa nzima bila kumuuliza jina. Kijana, mpelekee kipaza sauti.